Kibuyu Kilichopungua

Mwezi uliopita nilikwenda matangani Kaloleni, hapa Voi, nikakalishwa mkekani kando ya mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Ilinichukua muda kumtambua. Alikuwa Saru, ambaye mara ya mwisho nilimwona akiwa msichana wa miaka kumi na mitatu huko Mwanda, milimani, na sasa ana wajukuu. Tuliulizana habari za walio hai, kisha za waliokufa, kwa utaratibu huo. Wanawake walipoanza kupakua wali aliniinamia akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho huenda asikinunue, kama ni kweli niliiba yale mafuta ya mbarika. Nikamjibu kwamba niliyaiba. Alivua miwani, akanitazama. "Na mimi miaka yote hii nimekuwa nikikutetea," akasema. "Umenitia aibu mbele ya marehemu mama." Alicheka, nami nikacheka, lakini nilirudi nyumbani sina raha, kwa sababu nilikuwa nimesema kweli na bado sikuwa nimejibu alichouliza. Mimi si mtu wa kuacha jambo likiwa nusu. Yote niliyojifunza baada ya darasa la nne nimejifunza peke yangu, kwa kuandika kila kitu kwa mfuatano wake, na hili nitaliandika vivyo hivyo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mwanzoni mwa mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, niliugua homa ya matumbo, na nilipopona nywele zilianza kutoka. Hazikutoka zote pamoja. Zilitoka kwa mabaka, na ngozi chini yake ikawa kavu na yenye magamba, nyeupe kama sufuria iliyokaukiwa na uji. Baka kubwa zaidi lilikuwa juu ya sikio la kushoto, pana kama kiganja. Nilikuwa nimekwisha kuposwa na kijana aliyeitwa Mwadime, mfanyakazi wa reli pale Voi, na mama yake alikuja kunijulia hali. Aliomba kuona kichwa. Alikitazama bila kukigusa, akafunga tena kitambaa changu yeye mwenyewe kwa ncha za vidole, akasema harusi haina haraka. Angengoja mavuno ya mahindi, kisha angekuja kutazama tena. Kila mtu alielewa maana yake. Ndipo nilipopelekwa Mwanda kwa Shangazi Wakesho, kwa sababu katika mgongo ule mzima wa mlima hapakuwa na mwanamke aliyejua mafuta ya mbarika kama yeye. Watoto wachanga walipakwa mafuta yake, wanawali na wazee waliopasuka visigino pia, na ilisemekana kwamba kichwa chochote kilichopita mikononi mwake msimu mmoja kiliota.

Shangazi alikuwa mjane, hana mtoto. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na jiko la pembeni, na ndani ya chumba alicholala kulikuwa na harufu ambayo hata leo siwezi kuieleza kikamilifu: harufu ya mbegu zilizokaangwa kidogo kupita kiasi, moshi, na kitu kizito cha chini yake, kama udongo wa shimo. Ukutani palining'inia koti la mumewe, Mzee Righa, aliyekufa miaka miwili kabla. Shangazi alikuwa akilipaka koti lile mafuta kwenye ukosi, mahali nywele za mwenyewe zilipolisugua, ili nondo wasilile, alisema. Ng'ambo ya ua aliishi ndugu wa marehemu, Mzee Kilambo, mzee wa kanisa, pamoja na mkewe Mama Saru na binti yao huyo Saru. Mibarika ilikuwa yao, imeota kwenye mpaka wa shamba lao. Kazi ilikuwa ya Shangazi. Mafuta waligawana nusu kwa nusu. Mpango huo ulikuwa umedumu miaka mingi bila neno. Lakini mwaka ule mvua za vuli hazikuwa zimefika vizuri na mbegu zilikuwa chache.

Nilijifunza kazi ile kwa wiki tatu. Vishada vya mbarika huchumwa vikianza kukauka, huanikwa juani chini ya gunia, maana maganda yakipasuka mbegu huruka kama panzi. Mbegu hukaangwa katika chungu hadi zing'ae, hutwangwa kinuni mpaka ziwe uji mzito mweusi, uji hutiwa katika maji yanayochemka, na mafuta hupanda juu polepole. Huenguliwa kwa kata, kisha huchemshwa tena peke yake hadi yaache kupasuka-pasuka, kwa maana mlio ule ni wa maji, na mafuta yenye maji huoza. Makapi yake ni sumu. Huzikwa mbali na mbuzi. Shangazi alikuwa na sheria moja tu. Wakati wa kuengua, mtu hasemi. Nilimuuliza sababu, nikitarajia jambo la kutisha. Alisema mtu anayesema hutazama anayemwambia, na anayetazama pembeni huengua na povu. Nilimpenda kwa jibu lile. Nilikuwa na daftari la shule lililobaki kurasa, nikaandika ndani yake vipimo vyote: mbegu kiasi gani, maji kiasi gani, muda kwa urefu wa kivuli cha nguzo ya jiko.

Kila alasiri, isipokuwa Jumapili, alinikalisha chini kati ya magoti yake mlangoni, akanipaka. Alipasha mafuta kidogo kwenye kijiko, akayajaribu kwenye kifundo cha mkono wake, kisha akaanza na mabaka, kwa kidole gumba, akizunguka. Mafuta ya mbarika ni mazito; hayatiririki, hukaa pale ulipoyaweka. Nywele zilizobaki alizisuka mistari sita kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, na mstari wa mwisho upande wa kushoto aliupindisha kama njia inayozunguka mwamba, ili usivute ngozi ya lile baka kubwa. Alizungumza nami huku akisuka, au nilidhani alizungumza nami. Ilinichukua siku kadhaa kufahamu kwamba baadhi ya maneno hayakuwa yangu. Alikuwa akisema, "Vumilia, karibu," na mimi sikuwa nimelalamika. Alikuwa akisema, "Hapo panawasha? Basi kesho nitazidisha," na mimi sikuwashwa popote.

Nilimuuliza, naye alinieleza bila kificho, wakati tukila kimanga cha viazi na maharagwe kilichobaki mchana. Mumewe alikuwa akijikuna. Kila alipojilaza baada ya chakula cha mchana aliisikia sauti hiyo, upande wa kitanda alikokuwa akilala marehemu: kucha juu ya kitu kikavu, polepole, kisha kwa haraka. Alisema katika uhai wake Righa alikuwa na ngozi kavu ya kichwa na yeye ndiye aliyempaka, kila wiki, kwa miaka ishirini na minane. "Sasa nani ampake?" aliuliza, kama anavyouliza mtu aliyesafiri akaacha kuku nyumbani. Niliandika hilo pia. Siku iliyofuata nilijilaza katika chumba kile saa ile ile ili nijue. Nilisikia kitu. Nilitoka nje, nikauona mgomba uliokuwa nyuma ya nyumba, na jani lake kavu likigusa bati kila upepo ulipopita. Nililikata jani lile kwa kisu. Alasiri ile Shangazi alisema mumewe hakuacha kujikuna.

Lazima nieleze jambo ambalo vijana wa leo hawalijui. Watu wa milima ile zamani hawakuwaacha wazee wao ardhini. Mtu mzima akishazikwa na msimu ukapita, wanaume wa ukoo waliufukua mwili, wakachukua fuvu, wakalipeleka katika pango lao, na pale akakaa pamoja na baba zake, macho yakitazama nje. Mahali hapo paliitwa Ngomenyi. Mwanamke hakuingia kamwe. Wakati ninaouandika, karibu watu wote walikuwa wa kanisa na jambo hilo lilifanywa na wazee wachache tu waliobaki, na wengine walijifanya hawajui. Mzee Kilambo alijifanya hajui lilipofanywa kwa ndugu yake. Shangazi naye alikaa nyumbani siku ile, akasikia tu kwamba mumewe amekwisha kuketishwa.

Nilianza kuona mafuta yakipungua mwezi wa nne wa kukaa kwangu. Sehemu yetu na ya Mama Saru zilikuwa katika kibuyu kimoja kikubwa, zikingoja kugawanywa baada ya mavuno, na kibuyu kilikaa chumbani kwa Shangazi. Mimi ndiye niliyegundua kwanza. Ndani ya kibuyu huwezi kuona, kwa hiyo nilikuwa nikichovya unyasi mrefu mkavu na kufunga uzi mahali mafuta yalipoishia; nilifanya hivyo kwa kupenda kujua tu. Yale tuliyotumia kichwani kwangu nilikuwa nayajua, kijiko kwa siku. Lakini kila Alhamisi uzi ulikuwa juu ya mafuta kwa upana wa kidole kizima. Siku nyingine yoyote, hakuna. Nilifikiri kibuyu kinavuja, nikakiweka juu ya jivu kavu wiki mbili. Jivu lilibaki jeupe. Nakumbuka nilivyokaa sakafuni nikilitazama jivu lile, ukungu umeingia hadi mlangoni kama ilivyo desturi yake kule, na kwa mara ya kwanza nikaona vibaya kuwa ndani ya chumba kile na lile koti.

Mama Saru hakuhitaji unyasi. Alikinyanyua kibuyu siku moja alipokuja kuazima ungo, akakipima kwa mkono, akakirudisha chini. Hakusema neno kwa Shangazi. Alinijia mimi kisimani, mbele ya Saru na wanawake wengine wawili. Alikuwa na ulimi wa kuchekesha, na hilo ndilo lililoumiza zaidi, kwa sababu wenzake walicheka kabla hawajaelewa. Alisema nywele za binti wa Voi zinaota vizuri, Mungu apewe sifa, zinaota kuliko mahindi ya mwaka huu. Alisema amewahi kuona ng'ombe akinywa debe, lakini kichwa kinachokunywa kibuyu hajawahi kukiona. Kisha uso wake ukabadilika. "Baada ya mavuno nitapeleka nini Voi, Mkamburi? Niwapelekee wateja wangu kitambaa chako wakikamue?" Nilisema sijachukua. Aliniuliza basi nani, Wakesho ajiibie mwenyewe? Na mimi, ambaye nilikuwa na uzi na unyasi na daftari, nilijitwika maji yangu nikarudi nyumbani.

Jioni ile Mzee Kilambo alituita. Hakuwa mtu mkali. Alisema jambo hili litazungumzwa Jumapili baada ya ibada, kwa utulivu, nyumbani kwake. Na kwa kuwa Mama Mwadime ametuma habari kwamba, bila kungoja mavuno, atapanda kutoka Voi Jumapili hiyo hiyo kuja kunitazama, si vizuri kumficha mtu anayechukua binti nyumbani kwake. Alisema hivyo kwa huruma, naamini. Nilihesabu siku. Ilikuwa Jumatatu. Nywele zangu zilikuwa zimerudi karibu zote, fupi na laini, hata juu ya sikio la kushoto, na nilikuwa nimejua tangu mwanzo kwamba kichwa hiki ndicho kitakachoamua kama nitaolewa au la. Sasa kilikuwa ushahidi dhidi yangu. Kadiri kilivyopona ndivyo nilivyoonekana mwizi.

Kama mafuta yalionekana yamepungua kila Alhamisi, basi yalichukuliwa Jumatano, na Jumatano mchana Shangazi alikuwa akienda kutafuta kuni wakati Mzee Kilambo yuko kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Nilikuwa nimeliona hilo kila wiki bila kuliunganisha. Jumatano hiyo nilimfuata. Alipanda juu ya mashamba ya mwisho, akapita kwenye magugu, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilimfuata kwa sauti ya kanga yake ikikwaruza majani zaidi ya kumwona. Alisimama mbele ya mwamba mkubwa wenye ufa chini yake. Juu ya mwamba kulikuwa na mti wa jamii ya mkuyu, na mizizi yake ilishuka usoni pa jiwe. Alipiga magoti, akaingiza mikono ndani ya ufa, na akaanza kuzungumza. Nilikuwa nyuma ya kichaka, hatua kama ishirini. Sikuona alichokuwa akikifanya, lakini niliona viwiko vyake vikienda na kurudi, na nilijua mwendo ule. Nilikuwa nimeusikia mgongoni mwangu kwa miezi mitano. Alikuwa akisuka.

Nilingoja hadi aliposhuka. Ningeweza kurudi nyumbani. Nilikuwa na jibu langu. Lakini nilitaka kuona, na hiyo ndiyo tabia yangu mbaya na nzuri. Pango halikuwa refu, kama vitanda viwili. Mafuvu yalipangwa kwenye safu moja iliyopinda na ukuta, kumi na moja, yakitazama nje. La kwanza, karibu kabisa na mdomo wa pango, lilikuwa likimetameta. Lilikuwa na rangi ya kahawia iliyoiva, kama ubao wa meza ya zamani, na mafuta yalikuwa bado mabichi kwenye matundu ya macho. Na lilikuwa na nywele. Nitaeleza sawasawa nilichokiona. Mizizi ya ule mti ilikuwa imepenya kwenye ufa wa jiwe na kushukia juu ya fuvu, mizizi myeusi, myembamba kama nyuzi, mingi isiyohesabika, na Shangazi alikuwa ameipaka mafuta, ameigawanya na kuisuka. Mistari sita, kutoka kwenye paji hadi kisogoni. Mstari wa mwisho wa kushoto ulipinda juu ya mahali pa sikio, ukazunguka, ingawa pale hapakuwa na baka lolote la kuzunguka. Nilipeleka mkono kichwani kwangu. Nilipitisha vidole juu ya mstari ule kwangu na macho juu ya mstari ule kwake, na vilikwenda pamoja. Najua sasa kwamba mkono wa msusi una mazoea yake na hufanya leo ulichofanya jana. Najua. Siku ile nilikaa chini palepale.

Kisha nilitazama meno. Sijui kwa nini. Labda kwa kuwa sikutaka kuyatazama macho. Meno ya mbele yalikuwa yamechongwa, yenye ncha, kazi ya watu wa zamani sana. Mzee Righa hakuchonga meno. Hata mimi niliyemwona mara tatu tu nilijua hivyo, kwa sababu alikuwa na jino la mbele la juu lililovunjika nusu, alilolivunja akifungua chupa ya soda kwenye kituo cha reli, na aliwachekesha watu nalo. Nilipita safu nzima kwa magoti. La mwisho kabisa, ndani gizani, lilikuwa jeupe kuliko mengine, kavu, vumbi jembamba juu yake kama la unga, na jino lake la juu la mbele lilikuwa nusu. Ndipo nilipoelewa kosa. Nyumbani mgeni hukaa karibu na mlango. Mwanamke yeyote angempanga hivyo. Lakini wanaume, ambao hawakuwa wamemwambia kitu, waliwaweka wakubwa mlangoni walinde, na mgeni nyuma yao wote. Shangazi alikuwa ameingiza mikono kwenye ufa na kumpaka wa kwanza aliyemkuta. Kwa mwaka mzima alikuwa akimpaka na kumsuka mtu mwingine, na mumewe alikuwa hatua tatu nyuma yake, akijikuna.

Nimeandika sentensi hiyo ya mwisho kama ilivyonijia siku ile. Siiondoi.

Alhamisi Shangazi alikuwa na macho mekundu. Aliniambia hajapata usingizi wa mchana hata kidogo, kwamba sauti imekuwa mbaya zaidi, kwamba huenda mafuta ni haba na wiki ijayo atachukua mengi zaidi. Alisema hivyo waziwazi, kwamba atachukua, kisha akaniangalia na akajua kwamba nimesikia. Tulimenya maharagwe. Nilijua ningeweza kujiokoa Jumapili kwa sentensi moja, na nilijua itakachomgharimu Shangazi: kanisani angeondolewa kwenye meza ya Bwana, wazee wa ukoo wangemtoza fahali kwa kuingia mahali pale, na kwa kuwa mvua zilikuwa zimekosekana, kila jirani mwenye shamba kavu angejua sasa ni nani aliyezifukuza. Mjane asiye na mtoto hukaa kwenye ardhi ya mumewe kwa hisani. Na zaidi ya hayo yote ningelazimika kumwambia kwamba aliyekuwa akimpaka hakuwa mumewe.

Ijumaa mchana, Shangazi alipokwenda kuteka maji, nilichukua mafuta kutoka kwenye kibuyu, kikombe cha chai kimoja kisichojaa. Sikumwomba mtu. Huo ndio wizi wenyewe, na sijawahi kuuita kwa jina jingine. Nilipanda peke yangu. Hakukuwa na ukungu. Jua lilikuwa utosini na nyika yote ya Tsavo ilionekana chini, nyekundu. Niliingia hadi mwisho, nikaliweka lile fuvu kavu juu ya mapaja yangu, na nikalipaka kwa kidole gumba, nikizunguka, kama nilivyopakwa. Lilikunywa. Kila nilipoweka tone liliingia kabla sijalieneza, na mfupa ukageuka rangi chini ya kidole changu. Mfupa mkavu una matundu madogo na hunyonya. Nimesoma hivyo baadaye. Lakini nitasema pia jambo ambalo sijalisoma popote. Nilipomaliza utosi na kufika nyuma ya sikio, niligundua kwamba kuna sauti imekoma. Labda walikuwa wadudu. Sikuwa nimeisikia ilipokuwapo. Nilisikia kukoma kwake tu.

Jumamosi Shangazi alilala mchana hadi jua likashuka, nami nililazimika kuingia kuona kama anapumua. Aliamka uso umelainika. "Hakujikuna," aliniambia. "Amelala kama mtoto." Kisha alikwenda kwenye kibuyu kuchukua kijiko changu cha siku, akakinyanyua, na nikaona mkono wake ukisimama hewani, ukipima. Yeye alijua alichochukua Jumatano. Alijua pia kwamba hiki hakikuwa chake. Alikiweka chini, akaninyooshea kijiko kwa mkono usio na joto, na siku hiyo hakusema chochote aliponisuka, si kwangu wala kwa yule mwingine.

Kwa hiyo Jumapili nilikaa sebuleni kwa Mzee Kilambo kati ya watu ambao wote, kila mmoja kwa sababu yake, waliamini kwamba mimi ni mwizi. Kulikuwa na chai na viazi vitamu. Mama Mwadime alikuwa amekuja na viatu vyake vya mjini vimejaa udongo, naye alikuwa mpole. Mzee Kilambo aliomba, kisha aliniuliza kama ni mimi niliyechukua mafuta. Shangazi alikuwa akitazama mikono yake. Midomo yake ilifunguka, na nikajua atasema, kwamba licha ya yote aliyodhani juu yangu alikuwa tayari kusema, na kwa hiyo nikamtangulia. Nilisema nilichukua. Mzee aliuliza yote? Nilisema yote. Mama Saru akashusha pumzi, na nilishangaa kuona kwamba hakufurahi. Alimwambia mumewe mambo yaishe, binti ni mgonjwa, mgonjwa hufanya lolote. Mama Mwadime aliinuka akaja nyuma yangu, akafungua kitambaa. Safari hii aligusa. Aligusa kwa mikono yote miwili, akapitisha vidole kwenye mistari, akasimama juu ya sikio la kushoto, na nilihisi kwamba anasikitika kwa dhati.

"Nywele zimerudi," alisema. "Lakini sasa jina limekwenda. Na nywele, mama, ningeweza kuzingoja."

Alikunywa chai yake ikaisha, kwa adabu, akaondoka na lori la mchana. Mwadime hakuniandikia. Nimeishi bila yeye, na sisemi kwamba nimeishi vibaya, lakini sitajifanya kwamba siku ile niliona jambo dogo limenitoka. Nilirudi nyumbani kwa Shangazi nikaanza kufunga vitu vyangu. Alinikuta nikikunja kanga. Ilikuwa Jumapili, siku ambayo hatukuwahi kupakana, lakini aliketi mlangoni, akanivuta mkono hadi nikakaa chini kati ya magoti yake, akaanza kufumua. Alifumua mistari yote sita. Alipitisha vidole kila mahali, polepole, hadi kwenye ngozi, kama mtu anayesoma. Kisha akaniuliza.

"Mafuta ya Ijumaa uliyapaka wapi? Hapa hayakufika. Hiki kichwa nakijua."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimenyamaza vizuri mbele ya watu wanne. Lakini alikuwa ameniuliza swali lililo sahihi, na hakuna mtu mwingine aliyefanya hivyo kabla yake wala baada.

"Kwa mwenye jino lililovunjika," nilisema. "Yuko nyuma kabisa, Shangazi. Mgeni huwekwa nyuma."

Mikono yake ilisimama ndani ya nywele zangu. Sikuweza kuuona uso wake. Ng'ombe wa Mzee Kilambo walipita, Saru nyuma yao, wakaingia zizini, na mlango wa zizi ukafungwa, na bado mikono haikusogea. Nilisikia akipumua. Nilidhani analia, lakini aliposema sauti yake ilikuwa kavu na ya kawaida, sauti ya jikoni.

"Na yule niliyekuwa nikimsuka?"

"Sijui ni nani. Ni wa zamani sana. Meno yamechongwa."

Alifikiri. Aligawa nywele zangu katikati, akaanza mstari wa kwanza, akaukaza.

"Hakulalamika hata siku moja," alisema. Na alipofika karibu na mwisho: "Sasa amekwisha kuzoea. Mtu ukishamzoeza mafuta, huwezi kumwacha akauke tena."

Jumatatu alfajiri tuliingia porini kutafuta mbarika wa mwitu, usio wa mtu, na tulipika siku mbili bila kusema. Jumatano, saa yake ya kwenda kuni, alitoka jikoni na vibuyu vidogo viwili, akanipa kimoja.